Mwongozo kamili wa kufungua kibanda cha vitafunwa sokoni: bagia, mihogo na sambusa, toka mtaji mpaka mafuta ya kwenye karai

Watu wengi wakifikiria kuuza vitafunwa sokoni wanaanzia kwenye mapishi, mtu anajua kupika sambusa tamu, majirani wanamsifia, basi anaona biashara tayari ipo. Utamu unahitajika, sikatai, ila kwenye kibanda hela haipotei kwa sababu bagia haina chumvi, inapotea kwenye mafuta, kwenye mzigo uliobaki jioni na kwenye vijimkopo vya jero jero (mia tano mia tano) ambavyo hakuna anayeviandika. Kwa hiyo humu nitaongelea hesabu kuliko viungo.

Ninayoyafikiria zaidi ni masoko ya Dar, ila aliyeko Tanga, Mwanza, Dodoma hata Mombasa atachukua yanayomfaa. Bei nitakazotaja ni za kupigia mfano tu, wewe toka na kikaratasi uandike bei za soko lako maana mafuta na vitunguu vinapanda na kushuka kila wiki.

Kwanza jua unamuuzia nani

Hapa ndo wengi wanakosea. Wanadhani mteja ni yule mama aliyekuja na kikapu kununua nyanya. Yule ana haraka, ameshika watoto, na kwake kuna chai, akinunua leo anaweza asirudi mpaka wiki ijayo. Mteja wako wa kila siku ni watu wa soko wenyewe: makuli wanaoshusha magunia, wasukuma mikokoteni, bodaboda wa kijiweni, dada wa mbogamboga aliyefika saa kumi alfajiri bila kuweka kitu tumboni, kaka wa mitumba ambaye hawezi kuiacha meza yake hata dakika tano akaenda kula. Hawa wanakula hapohapo sokoni kila siku, wakikupenda wamekupenda kweli na wakikushtukia kwamba jana uliwauzia bagia zilizolala basi soko zima limejua kabla ya saa nne.

Ukishalijua hilo mambo mengi yanajipanga yenyewe. Kuli anataka kitu cha kushibisha, sio kitu cha kupamba sinia. Anataka bei ya jero au buku (elfu moja) isiyomsumbua chenji. Na anataka saa zake, sio saa zako wewe ulizoamka vizuri.

Kila soko lina saa zake kwa kweli. Mabibo kwenye ndizi na matunda magari yanashusha usiku na alfajiri, Ferry kwenye samaki ni mapema mno, ukifika saa tatu na karai lako umewakuta watu wameshakula zamani. Mchikichini kwenye mitumba asubuhi ni kufungua mabelo na watu wanakula kidogokidogo mchana wote. Tandale kwenye nafaka kuna wabebaji kutwa nzima. Sasa kabla hujanunua hata kijiko, nenda kwenye soko unalolitaka mara kadhaa kwa nyakati tofauti, alfajiri, kwenye saa nne, halafu saa kumi jioni, kaa mahali kunywa chai na uangalie watu wameshika nini mkononi. Angalia wauzaji waliopo wanamaliza saa ngapi. Muuza chapati akimaliza saa mbili na watu bado wanamuulizia, hapo kuna nafasi. Ukikuta wauza sambusa sita na wote saa kumi jioni kabati bado zimejaa, usiwe wa saba.

Wale wa minada na magulio ya siku moja kwa wiki, kama mnada wa Msalato pale Dodoma Jumamosi, hesabu yenu iko tofauti kidogo. Watu ni wengi kwa siku moja na nyama choma ndo mfalme, kwa hiyo usishindane na nyama, uza kitu kinacholiwa wakati nyama inasubiriwa. Halafu ujue kisichouzika siku hiyo hakina kesho.

Chagua kitu kimoja, viwili vikizidi

Ile tamaa ya kupanga mezani sambusa, kachori, katlesi, vitumbua, maandazi, mihogo na juisi ya ukwaju siku ya kwanza iache. Kila aina unayoongeza inaleta mabaki yake na mahitaji yake. Anza na moja au mbili zinazotumia karai moja na mafuta yaleyale.

Sasa tupige hesabu tuone ipi inafaa, na hapa usiruke.

Sambusa za nyama, tufanye vipande 60. Unga wa ngano kilo moja 2,000, nyama ya kusaga kilo moja 12,000, vitunguu 2,500, viungo na giligilani na ndimu 1,500, mafuta yatakayonyweka 3,000, mkaa 2,000, vifungashio 1,000. Jumla 24,000, yaani kila sambusa imekugharimu 400. Ukiuza jero unapata 30,000, juu yako ni 6,000. Hapo hujalipa ushuru, hujalipa nauli, na sambusa tano zikipasuka kwenye mafuta umeshatoa 2,500 humohumo.

Bagia za dengu, vipande 100. Unga wa dengu kilo moja 4,000, vitunguu na hoho na giligilani na viungo 2,500, mafuta 3,500, mkaa 1,500, vifungashio 500. Jumla 12,000. Ukiuza mia mbili mia mbili ni 20,000, umebaki na 8,000 kwa mtaji ambao ni nusu ya ule wa sambusa.

Mihogo ya kukaanga, kilo tano. Mihogo yenyewe 5,000, mafuta 3,000, mkaa 1,500, chachandu 1,500, vifungashio 500, jumla 11,500. Ukishamenya na kutoa nyuzi za katikati unapoteza karibu theluthi, unabaki na vipande kama 50 vya wastani, ukiuza mia tatu unapata 15,000, faida 3,500. Ndogo, ila mihogo inashibisha na ndo inayomvuta kuli mezani, akifika anaongeza na bagia mbili.

Kwa hiyo mimi ningemwambia anayeanza aanze na bagia na mihogo, sambusa za nyama aziache kwa ajili ya oda na Ijumaa, au apike za viazi kwanza. Wapo watakaobisha kwamba sambusa ndo inauzika, sawa, inauzika, lakini kuuzika na kukuachia hela ni vitu viwili.

Na usiishie kwenye faida ya karatasi. Angalia zile bagia 100: ukibakiwa na 40 mwisho wa siku umepoteza 8,000, umefanya kazi bure kuanzia alfajiri. Ndo maana namba ya kwanza ya kuijua sio ngapi unaweza kupika, ni ngapi soko lako linamaliza. Wiki ya kwanza pika kidogo mpaka watu walalamike kwamba umeisha mapema.

Eneo, vibali na watu wa kuongea nao

Usitandike tu meza. Ndani ya soko nafasi zinagawiwa na uongozi wa soko, kuna mwenyekiti na kamati, na kuna ushuru unaolipwa. Nenda kajitambulishe, salamu kwanza, "shikamoo mzee, mimi naitwa fulani, naomba nafasi ya kuuza vitafunwa", eleza unatumia jiko gani maana moto ndani ya soko la mbao na maturubai ni jambo la kuogopwa, Kariakoo liliungua Julai 2021 na Karume Januari 2022, viongozi wa masoko hawajasahau. Ukilipa ushuru dai risiti na uitunze, siku mtu mwingine akija kudai tena unamwonyesha.

Kama ni nje ya soko, pembeni ya barabara, hapo ongea na serikali ya mtaa na ofisi ya mtendaji wa kata kabla ya kuweka hela kwenye kibanda. Mwaka 2021 machinga wengi walihamishwa barabarani wakapangiwa maeneo, waliokuwa wamejenga vibanda vya gharama ndo waliumia zaidi. Meza inayokunjika au toroli ni salama kuliko kibanda cha bati kama eneo halina uhakika. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilianza Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, utaratibu umebadilika tangu hapo, kwa hiyo mtendaji wa kata au afisa biashara ndo wa kumuuliza utaratibu wa sasa, usinunue kitambulisho mkononi kwa mtu.

Halafu afya. Anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa apime afya, huwa ni kila miezi sita, na cheti akae nacho kibandani. Bwana afya akipita anaangalia cheti, aproni, kofia, maji ya kunawa na kama chakula kimefunikwa. Usimkimbie, muulize mwenyewe anataka kuona nini kabla hujaanza, wengi wanafurahi kuulizwa.

Kingine kuhusu eneo, angalia njia za makuli. Jiko lenye karai la moto halikai kwenye njia ambayo mtu anapita na gunia kichwani haoni chini. Kaa ukutani, jiko nyuma yako au ubavuni, meza mbele, mteja asifikie karai. Na upepo uuangalie pia, upepo unakula mkaa, zungushia bati pande mbili.

Vifaa, na ambavyo usinunue kwanza

Unahitaji jiko moja zuri, karai zito la wastani, kijiko cha matundu cha kuopolea, vibanio vya chakula, mabeseni mawili yenye mifuniko, sinia lenye wavu wa kuchujia mafuta, ndoo ya lita 20 yenye bomba na sabuni yake, meza, turubai au mwavuli, na kitu cha kufunikia chakula. Kabati la kioo ni zuri, linazuia vumbi na nzi na linavutia, ila unaweza kuanza na beseni safi lenye neti, kabati uagize kwa fundi ukishaona soko linakukubali.

Mkaa au gesi? Mkaa ukiununua kwa vifungu vifungu ni ghali, ukiweza chukua gunia na nyumbani kuwe na pakavu pa kuuhifadhi hasa masika. Gesi inakupa moto unaouongoza, na kwa kukaanga hilo ni jambo kubwa, ila mtungi wa kilo 6 wa jiko la juu yake haupendi karai kubwa, linayumba. Karai la mafuta ya moto linaloyumba silitaki hata kulisikia. Kama unataka gesi, nunua jiko la chini lililotulia na mtungi ukae mbali.

Mtaji ugawe mara tatu: vifaa, mzigo wa siku tatu nne, na fungu ambalo hulishiki. Lile fungu la mwisho ndo linakuokoa siku mvua imenyesha kutwa na hakuna aliyetoka.

Kupika bila kutupa

Dengu ukinunua nzima kwenye soko la nafaka ukapeleka mashine kusaga inakuwa nafuu na unajua hakijachanganywa kitu. Nyumbani chekecha unga, changanya na chumvi, bizari kidogo, vitunguu saumu vilivyotwangwa, weka maji kidogokidogo huku unapiga kwa mkono mpaka uwe mzito na mlaini usiwe na madonge. Uache nusu saa. Vitunguu maji, hoho na giligilani usiviweke nyumbani, vipeleke vimekatwa pembeni, uchanganye kwenye bakuli dogo kila unapotaka kukaanga, pamoja na bikaboni kiasi cha ncha ya kijiko. Sababu ni hii, ukichanganya vyote asubuhi, kitunguu kinatoa maji, mchanganyiko unalegea na kufikia mchana umechacha, utaongeza unga, ladha inabadilika na hesabu inaharibika.

Mihogo chagua ile mitamu, na uwe na muuzaji mmoja unayemwamini. Onja kipande kidogo kibichi, kikiwa kichungu tema na usichukue, mihogo michungu ina sumu na si ya kufanyia majaribio kwenye matumbo ya watu. Menya, toa uzi wa katikati, chemsha na chumvi mpaka ianze tu kulainika, mwaga maji, iache ikauke kabisa ndo uikaange. Muhogo wenye majimaji ukiingia kwenye mafuta yanaruka na unakunywa mafuta mengi.

Sambusa kazi yote iko kwenye manda, yaani zile karatasi za unga za kufungia nyama. Kanda unga na maji na chumvi uwe mgumu kiasi, kata madonge madogo, sukuma kila moja kama kisahani, paka mafuta juu, nyunyiza unga mkavu, pandisha lingine juu, mpaka yawe manne. Yasukume yote kwa pamoja mpaka yawe membamba, weka kwenye chuma cha chapati kwenye moto mdogo, geuza upesi, usisubiri yapate rangi. Yakitoka unayabandua moja moja yakiwa bado ya moto, vidole vitalalamika lakini yakipoa yanagandana na yanachanika. Kata, funika na kitambaa chenye unyevu. Nyama ipike ikauke kabisa maji yaishe, vitunguu viingie mwishoni, ipoe ndo ufunge, na gundi ni unga uliokorogwa na maji uwe mzito. Sambusa inayopasuka kwenye karai karibu mara zote ni ya nyama yenye maji au pembe iliyoachwa wazi.

Mafuta, hapa tukae kidogo

Mafuta ndo gharama inayojificha. Kwenye ile hesabu ya bagia, zaidi ya robo ya mtaji wa siku ni mafuta, na mtu hajui kwa sababu ananunua dumu halafu anamimina tu.

Weka mafuta yasizidi nusu ya karai. Joto linalofaa kukaangia ni kama nyuzi 170 mpaka 180, hutakuwa na kipimo kibandani, kwa hiyo tumia tone la bagia: likizama na kukaa chini mafuta bado, likipanda mara moja na kuwa jeusi yamezidi, likishuka kidogo halafu likapanda taratibu na vipovu pembeni, hapo sawa, anza. Mafuta ya baridi ndo yanayokula hela, bagia inakaa muda mrefu inayanywa, mteja anaibana na karatasi inaloa, na kesho anaenda kwa jirani. Usijaze karai pia, ukitia bagia thelathini kwa mkupuo joto linashuka yote yanakuwa yaleyale.

Panga mpangilio: kaanga mihogo kwanza, bagia baadaye. Bagia inaacha vichembe vinavyoungua, ukianza nayo mihogo yako yote itatoka na madoadoa meusi na ladha ya kuungua. Opoa vichembe kila awamu. Jioni mafuta yakipoa yachuje kwa kitambaa safi, yafunike, yakae gizani.

Yatumike mara ngapi? Usihesabu mara, yaangalie yenyewe. Yakiwa meusi na mazito, yakitoa povu linalokaa juu halishuki, yakianza kutoa moshi mapema kabla hata hujakaanga, au yakinuka kale kaharufu kakali ka kukwaruza koo, yamekufa. Na ule mchezo wa kuongezea mafuta mapya juu ya yaliyokufa ili yafufuke acha, mapya ndo yanayoharibika. Yaliyokufa usiyamwage kwenye mtaro wa soko, yanaganda na kuziba na utagombana na wenzako, yaweke kwenye dumu, kuna watengeneza sabuni wanayachukua.

Mafuta yakishika moto usimwagie maji hata kidogo, ndo unaulipua. Funika karai na mfuniko au sinia, toa au zima moto chini yake, rudi nyuma. Mfuniko wa karai lako uwe karibu kila siku, sio ulioachwa nyumbani.

Usafi unaoonekana

Kipindupindu kikipiga, kama kile kilichoanza Dar Agosti 2015, vibanda vya chakula ndo vinaangaliwa kwanza na wateja wanaogopa kila kitu cha barabarani. Anayebaki na wateja ni yule ambaye walimwona siku zote ananawa.

Mkono unaoshika hela usishike bagia. Kama uko peke yako tumia vibanio, kila mara, hata akija rafiki yako. Chakula cha nyama usikiache kikapoa mezani kwa zaidi ya muda wa saa mbili, kikae cha moto au kisikaangwe kwanza. Kachumbari kata kidogo kidogo, ukiiacha juani kutoka asubuhi ndo inaanza kuwaumiza watu matumbo kabla ya sambusa yenyewe. Na magazeti ya kufungia achana nayo, wino na mafuta ya moto havipatani, wala karatasi za madaftari ya shule. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa Tanzania toka tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo mifuko ya kaki midogo ndo inakufaa, nunua bandali zima, kwa moja moja ni ghali.

Kuuza

Chachandu. Kama kuna kitu kimoja kitakachomtofautisha wa bagia na wa bagia ni chachandu. Nyanya zilizopikwa zikaiva vizuri na kusagwa, ukwaju, pilipili, vitunguu saumu, chumvi, au ile ya embe bichi wakati wa msimu. Ichemshe, isiwe mbichi. Iwe ya aina mbili kwa ukali, ya kawaida na ya wanaume kama wanavyoita, na wewe ndo uimimine kwa kijiko, usiiache kila mtu achovye.

Bei zipange zifungamane na sarafu na noti zilizopo mfukoni mwa mteja: bagia mbili na muhogo mmoja kwa pamoja jero na kitu zitakutesa chenji, bora upange fungu la jero na fungu la buku. "Dada nipe za buku changanya" hiyo ndo sentensi utakayoisikia siku nzima, ijibu bila kufikiri. Asubuhi toka na chenji ya kutosha, na weka lipa namba (namba ya kulipiwa kwa simu) kwa maandishi makubwa, ila makato yake yajue na hakikisha ujumbe umeingia kwenye simu yako kabla hujafungasha, usikubali kuonyeshwa tu kioo cha simu ya mteja.

Wa mitumba na wa mboga wapelekee. Mtafute kijana mwenye sinia lenye mfuniko azunguke saa nne na saa nane, mlipe kwa kila fungu analouza, sio mshahara. Sehemu kubwa ya mauzo inaweza kutoka hukohuko na wewe umekaa na karai lako.

Mkopo sasa. Ukiandika "mkopo kesho" kila mtu anacheka, lakini kijana wa deiwaka (kibarua wa kutwa) kweli hana hela asubuhi, anaipata saa nane akishashusha mzigo. Ukimkatalia kabisa umempoteza. Kwa hiyo mkopeshe, ila deni liwe la siku hiyohiyo, lisizidi buku, jina liandikwe mbele yake, na saa tisa upite mwenyewe kukusanya. Lililolala halipewi lingine. Wale ambao hawako chini ya tabu hiyo, wenye maduka na viongozi, ndo wanaosumbua zaidi kulipa, na ni vigumu kuwadai, hao wauzie taslimu tu kwa heshima zote.

Jioni usiuze bagia za leo kesho. Saa ya mwisho punguza, toa tatu kwa bei ya mbili, zingine wape watoto nyumbani. Ila usipunguze kila siku saa ileile, watu watajifunza kukusubiri.

Daftari, na hela ya watu

Daftari moja lenye vitu vitano tu: nilitoka na shilingi ngapi, nimenunua nini, nimepika vipande vingapi, vimebaki vingapi, nimerudi na shilingi ngapi. Andika kila jioni kabla hujala. Baada ya wiki mbili tatu utaona mwenyewe Jumatatu inachukua ngapi na siku ya mvua inachukua ngapi, na unapika kulingana na hapo. Na jilipe, hata kama ni 5,000 kwa siku, iandike kama gharama, la sivyo utakuwa unachota kwenye boksi, mara vocha mara mboga, mpaka mtaji umeliwa na hujui lini.

Mikopo ya kausha damu, ile ya kurejesha kila siku, kaa nayo mbali unapoanza, maana marejesho hayajui kama leo mvua imenyesha. Bora mchezo wa kijumbe (kuchangishana hela na kupokezana) na wenzako wa sokoni unaowajua, au kikundi kisajiliwe muombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata ndo inakuelekeza, na ujipange maana inachukua muda.

Ukishatulia

Kibanda kikishajulikana oda zinaanza kuja, vikao vya harusi, shughuli, arobaini, ofisi za jirani. Chukua malipo ya awali angalau nusu, maana nyama na mafuta hutakopeshwa wewe. Kwenye oda ndo sambusa za nyama zinalipa, kwa sababu unajua idadi na hakuna mabaki.

Ramadhani geuza ratiba yote. Mchana hata wasiofunga wanakula kidogo tena kwa kujificha, lakini kuanzia saa tisa alasiri watu wanatafuta sambusa, kachori, katlesi na kaimati za kufuturia, na wanataka za moto. Andaa manda na nyama mapema, funga sambusa uziweke kwenye friza kama una pa kuziweka, anza kukaanga saa tisa na nusu, na kabla ya magharibi uwe umemaliza maana adhana ikishaadhiniwa hakuna anayesimama kununua. Huo mwezi ajiri mtu wa pili hata kama ni mdogo wako, mmoja akaange mmoja afungashe, na bei ya nyama upatane na mwenye bucha wiki mbili kabla.